Kupima Utendaji wa Wafanyakazi kwa Akili Mnemba: Mwongozo kwa Viwanda Vidogo na Biashara za Tabora

Tuchukulie kiwanda kidogo cha asali Tabora mjini chenye watu 18: wawili wanapokea ndoo kutoka kwa warina asali wa Sikonge, Uyui na Kaliua, wanne wanachuja, saba wanajaza chupa na kubandika lebo, watatu wako mauzo, dereva mmoja na karani mmoja. Kila baada ya muda mwenye kiwanda anatakiwa kuamua nani aongezwe mshahara, nani apelekwe mafunzo, na mkataba wa nani usihuishwe. Alichonacho ni daftari la zamu lenye madoa ya asali, jumbe mamia kadhaa za WhatsApp, na kumbukumbu ya kichwa ambayo mara nyingi inashika vizuri wiki mbili za mwisho tu.

Hapo akili mnemba inasaidia kweli. Inaweza kusoma daftari la miezi sita kwa dakika chache na kukuonesha mambo ambayo macho yaliyochoka hayayaoni. Lakini ikitumiwa vibaya inazalisha hukumu yenye sura ya kitaalamu juu ya mtu ambaye hakutendewa haki, na mwajiri anajikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi, akiwa na karatasi nzuri isiyo na ushahidi nyuma yake. Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: mashine iandae faili, hukumu itolewe na mtu anayemfahamu mfanyakazi na kazi yake.

Maelekezo haya yanaifaa biashara yoyote binafsi yenye watu kati ya 5 na 60: kiwanda cha asali, ghala la mpunga, nyumba ya wageni karibu na stesheni, chama cha msingi cha tumbaku Urambo, duka la pembejeo. Watumishi wa umma wana mfumo wao wa kiserikali wa kupima utendaji, PEPMIS, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS. Wao wafuate huo.

Mashine inajua nini na haijui nini

Programu kama ChatGPT, Gemini, Copilot na Claude ni hodari kwenye maandishi. Zinafupisha, zinapanga, zinalinganisha maelezo ya siku tofauti, zinaandika rasimu ya barua na kukupa maswali ya kumuuliza mtu. Udhaifu wake mkubwa ni mitatu, na yote inagusa kazi hii moja kwa moja.

Kwanza, si za kuaminika kwenye hesabu za jedwali refu. Ukizipa mistari 400 ya daftari na kuziambia zijumlishe, zinaweza kukupa jibu lililo karibu na kweli lakini si kweli, na zitaliandika bila wasiwasi wowote. Pili, zinapenda kukubaliana na anayeuliza. Ukiuliza "kwa nini K07 ni mvivu?" (K07 ni namba ya mfanyakazi inayotumika badala ya jina) zitakutafutia sababu za uvivu; ukiuliza "kwa nini K07 ni mchapakazi?" kwa jedwali lilelile, zitakutafutia sababu za bidii. Tatu, hazijui lisiloandikwa. Kama umeme ulikatika kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri na hakuna aliyeandika, mashine itaona mtu aliyejaza chupa chache.

Kuna la nne, la ndani zaidi: mashine hurithi upendeleo wa kumbukumbu ilizofundishiwa. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba Amazon ilikuwa imeachana na mfumo wake wa majaribio wa kuchuja waombaji kazi, kwa sababu mfumo huo ulijifunza kutoka kwenye maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalikuwa ya wanaume, ukaanza kuwashusha wanawake. Hakuna aliyeuamuru ufanye hivyo. Ulifuata tu ulichokikuta. Ukiipa mashine tathmini za miaka iliyopita na kusema "toa alama kama hizi", makosa ya msimamizi wa zamani yanahamia kwenye faili lako jipya.

Hatua ya 1: Andika viwango kabla ya kufungua kompyuta

Usipojua unapima nini, mashine itakuchagulia, na itachagua kilicho rahisi kuhesabika. Kaa na wafanyakazi wa kila kitengo, mwandike mambo matatu au manne yanayoonesha kuwa kazi imefanyika vizuri. Yakizidi matano hayafuatiliki.

Kwa mpokeaji wa asali: kila ndoo imepimwa uzito, imepimwa maji kwa rifraktomita (kifaa kinachoonesha kiasi cha maji kwenye asali), na imeandikwa jina la kikundi na tarehe. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha ikikaa, kwa hiyo kiwango kinaandikika wazi: hakuna ndoo inayopita kizingiti hicho ikaingia kwenye tangi. Kwa mjazaji: chupa zilizokamilika kwa saa, chupa zilizorudishwa kwa uzito pungufu au mfuniko kuvuja, na usafi wa meza. Kwa dereva: safari zilizokamilika, matumizi ya mafuta kwa njia husika, na mzigo kufika bila kumwagika. Kwa muuzaji: fedha iliyokusanywa, si oda alizopokea kwa mdomo.

Msimpime mtu kwa kitu kisicho mikononi mwake. Karani wa chama cha tumbaku asipimwe kwa daraja lililopewa mitumba (marobota) ya tumbaku ya wakulima, maana hakulima yeye wala hakupanga daraja yeye. Apimwe kwa usahihi wa vitabu na kwa muda wa kuwasilisha hati za malipo.

Hatua hii ina uzito wa kisheria pia. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka pale mtu anapodaiwa kushindwa kazi iangaliwe kama alikijua kiwango au alitarajiwa kukijua, kama kiwango chenyewe ni cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Kiwango kilichobuniwa na kompyuta mwezi Desemba hakiwezi kumhukumu mtu kwa kazi ya Juni. Kiandike, kisomwe, mfanyakazi asaini, nakala abaki nayo.

Hatua ya 2: Tengeneza daftari linalosomeka

Hapa ndipo penye kazi yote. Mwenye daftari bovu atapata tathmini mbovu hata akinunua programu ya gharama gani.

Fungua faili la Excel au Google Sheets lenye safu tisa: tarehe, namba ya mfanyakazi, kazi, kiasi, kipimo, saa alizofanya kazi, kilichorudishwa, kilichozuia, na aliyeandika. Mstari mmoja ni mtu mmoja, kazi moja, siku moja. Aliyejaza chupa asubuhi na kuosha ndoo mchana ana mistari miwili. Karani aingize kila siku kabla ya kufunga. Daftari la wiki nzima likijazwa Ijumaa jioni, hizo ni kumbukumbu za kubahatisha.

Safu ya "kilichozuia" ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo inayookoa watu. Tengeneza orodha fupi ya kuchagua: umeme, mashine mbovu, chupa hazijafika, barabara, asali nzito, ruhusa, mafunzo, hakuna. Mtu asiandike insha, achague neno.

Kuna makosa manne ya daftari yanayopotosha mashine kuliko mengine yote.

La kwanza ni lita na kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ina karibu kilo 28. Mpokeaji mmoja akiandika "20" kwa maana ya lita na mwenzake akaandika "28" kwa maana ya kilo, mashine itakuambia wa pili anapokea asali zaidi kwa asilimia 40. Wamepokea sawasawa. Amua kilo, na safu ya kipimo isiachwe wazi kamwe.

La pili ni saa. Daftari la mkono linasema zamu ilianza saa 2 ikaisha saa 10, wakati mashine ya alama za vidole inaandika 08:00 na 16:00. Ukichanganya vyote kwenye jedwali moja, akili mnemba inaweza kuisoma saa 2 kuwa ni saa nane usiku, kisha ikakuandikia kwamba mtu huyo anafanya kazi za usiku. Zamu ya saa 3 asubuhi hadi saa 1 jioni ndiyo inayoharibika kabisa, kwa kuwa 3 hadi 1 hailingani na chochote. Geuza zote ziwe za mfumo wa saa 24 wakati wa kuingiza, na safu ya saa za kazi iwe na jumla: 8, 9, 6.5.

La tatu ni tarehe. Andika 2025-07-03, usiandike 03/07, ambayo programu yenye mipangilio ya Marekani huisoma kuwa tarehe 7 Machi.

La nne ni kuhesabu vitu visivyolingana, na hili linahitaji mfano. K05 amejaza chupa 300 za nusu kilo. K07 amejaza chupa 240 za kilo moja. Ukihesabu chupa, K05 anaongoza. Ukihesabu kilo, K07 anaongoza mbali: 240 dhidi ya 150. Sasa chukua saa, simama mezani, pima muda wa chupa 20 za kila aina mikononi mwa watu watatu tofauti, utafute wastani. Tuseme ya nusu kilo inachukua sekunde 40 pamoja na mfuniko na lebo, na ya kilo sekunde 50. K05: 300 mara 40 ni sekunde 12,000. K07: 240 mara 50 ni sekunde 12,000. Kila mmoja amefanya kazi ya dakika 200. Hakuna aliyemzidi mwenzake, na jedwali lolote lililosema vinginevyo lingeleta manung'uniko ya haki kabisa. Pimeni muda huo upya kila chupa, lebo au mashine ikibadilika.

Hatua ya 3: Waambie wafanyakazi, na uifuate sheria ya taarifa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akusanye zinazohitajika tu kwa lengo lililotajwa, na ahakikishe ni sahihi. Inampa mhusika haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Inaweka pia masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na ukibandika jedwali kwenye programu ya akili mnemba ya kigeni, kwa kawaida linakwenda kwenye kompyuta zilizo nje ya Tanzania.

Kwa hiyo majina hayaendi. Kila mfanyakazi apewe namba, K01 hadi K18, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwenye karatasi kabatini au kwenye faili lenye nywila ambalo halipandishwi popote. Usipandishe namba ya NIDA, simu, mshahara, dini, kabila, taarifa za ugonjwa wala ujauzito. Kwenye safu ya vizuizi neno "ruhusa" linatosha. Ni ruhusa ya nini, abaki akijua mwajiri. Kumbuka kwamba kwa watu 18 hata namba haifichi sana: "dereva" ni mmoja tu. Maelezo ya mtu wa aina hiyo yafanyieni kazi kwa mkono.

Kwenye mipangilio ya programu, zima sehemu inayoruhusu mazungumzo yako kutumika kufundishia mashine. Usitumie akaunti binafsi ya karani kwenye simu yake. Fungua akaunti ya ofisi.

Kisha itisha kikao cha nusu saa na useme wazi: tunarekodi hiki, programu itatusaidia kupanga taarifa, uamuzi utafanywa na fulani, na kila mtu ataoneshwa faili lake kabla halijatumika. Andika hayo kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, watu wasome na kusaini. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwakilishi wake awepo. Watu wakigundua baadaye kwamba walikuwa wanapimwa kimyakimya, daftari linaanza kujazwa uongo, na hapo kazi yote imekwisha.

Hatua ya 4: Piga hesabu mwenyewe kwenye Excel

Jumla, wastani na asilimia zifanyike kwa fomula, ziwe zimekamilika kabla akili mnemba haijaguswa. Kama namba ya mfanyakazi iko safu B na kiasi kiko safu D, fomula =SUMIFS(D:D,B:B,"K07",C:C,"kujaza nusu kilo") inakupa jumla yake ya kazi hiyo. Gawanya kwa saa alizofanya kazi, siyo kwa siku za mwezi.

Kugawanya kwa saa ni suala la haki. Mama anayenyonyesha ana haki kisheria ya kwenda kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ukipima chupa kwa siku, ataonekana wa mwisho kila mwezi. Ukipima kwa saa alizokuwa mezani, unaiona kazi yake halisi. Likizo ya mwaka, likizo ya uzazi na siku za ugonjwa zitoke kabisa kwenye hesabu, zisiingie kama sifuri. Kuingiza sifuri kwa mtu aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi ni ubaguzi, hata kama aliyefanya hivyo ni kompyuta: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, majukumu ya familia, ulemavu, umri, kabila au mahali atokako, miongoni mwa mengine.

Tumia kipimo cha kati (fomula ya MEDIAN), yaani namba inayokaa katikati zote zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, pamoja na wastani. Siku moja ya msiba au mashine iliyoharibika huvuta wastani chini. Kipimo cha kati hakiyumbi kirahisi.

Hatua ya 5: Iandikie mashine maelekezo kamili

Fungua mazungumzo mapya kwa kila mfanyakazi, vinginevyo maelezo ya K05 yatavuja kwenye ya K07. Weka viwango, jumla za Excel, na mistari ya mwezi husika. Maelekezo yawe na sura hii:

"Msaidie msimamizi wa kiwanda cha kufungasha asali. Hapa chini kuna viwango vya kazi ya kujaza chupa, jumla za mwezi Juni za mfanyakazi K07, na mistari ya daftari lake. Jumla zimeshapigwa, usizipige upya wala usizibadilishe. Fanya mambo manne. Moja: eleza kwa sentensi zisizozidi sita alivyofanya kazi kulingana na viwango, na kila sentensi iishie kwa tarehe au namba ya mstari uliotoa taarifa. Mbili: taja siku ambazo kiasi kwa saa kilishuka, na uoneshe kilichoandikwa kwenye safu ya vizuizi, kama ni tupu, andika 'haijaandikwa'. Tatu: andika maswali matatu ya kumuuliza K07 ili tuelewe, yasiyomtuhumu. Nne: taja taarifa zinazokosekana. Usitoe alama. Usimlinganishe na mtu mwingine. Usikisie tabia, nia wala afya yake. Usipendekeze adhabu. Kama jambo halimo kwenye jedwali, sema halimo."

Kila katazo hapo lina sababu. Ukiomba alama, mashine itatoa "7.5 kati ya 10" ambayo haina maana yoyote, lakini ikishaandikwa kwenye faili watu wataiamini. Ukiomba orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho, itapanga hata watu waliofungana. Na takwa la kila sentensi kuishia kwa tarehe ndilo linalokuwezesha kukamata uzushi: fungua tarehe hiyo kwenye daftari uone kama kweli jambo lipo.

Kwa kazi zisizohesabika, kama mapokezi ya nyumba ya wageni au mauzo, utatumia maoni ya maandishi. Hapo kuna mtego. Mashine huwapendelea wanaoandika kwa urefu na kwa lugha iliyonyooka. Muuzaji anayetuma ripoti ya kurasa mbili ataonekana makini kuliko yule anayeandika "Mzigo umefika, pesa nimeweka benki", ingawa huyo wa pili ndiye aliyeleta fedha. Waamuru wote wajaze fomu ya mistari mitatu: nilichofanya, kilichokwama, ninachohitaji. Na maoni ya msimamizi yaandikwe siku tukio lilipotokea, yakitaja tendo. "Ana dharau" haifai kitu. "Tarehe 12 alikataa kupima ndoo mbili mbele ya mrina asali aliyeomba kuona mizani" inafaa.

Hatua ya 6: Ijaribu mashine kabla hujaiamini

Fanya majaribio haya mwezi wa kwanza, na kila programu inapobadilishwa toleo.

Peleka jedwali lilelile mara tatu kwenye mazungumzo matatu tofauti. Maneno yatatofautiana, hilo si neno. Lakini kama mara moja inasema K07 ameshuka na mara nyingine ameimarika, jedwali lako lina utata au maelekezo yako yamelegea.

Badilisha utambulisho. Chukua maelezo ya mtu mmoja, weka jina la kiume la kubuni, kisha la kike, kisha majina ya dini tofauti. Kila jina liwe kwenye mazungumzo mapya. Maelezo yakibadilika hata kwa sauti tu, mmoja akiitwa "thabiti" na mwingine "anayejituma licha ya changamoto", umepata sababu nyingine ya kutumia namba badala ya majina.

Ingiza kosa kwa makusudi: futa wiki moja ya daftari uone kama itasema taarifa zinakosekana au itajaza pengo kwa maneno yake. Ikijaza pengo, rudi kwenye maelekezo uyakaze.

Hatua ya 7: Kaa na mfanyakazi

Faili likiwa tayari, msimamizi alisome, alilinganishe na daftari, afute yasiyo kweli, aongeze anayoyajua. Ndipo amwite mhusika. Dakika 20 zinatosha, faragha, si mbele ya meza ya kujazia. Kama umri au cheo vinataka heshima, heshima itangulie: mzee wa kuchujia anaitwa "mzee wangu", anapewa kiti, anaulizwa habari za nyumbani, kisha kazi. Usimsomee mtu karatasi ya kompyuta. Mweleze kwa mdomo, mpe karatasi asome mwenyewe, kisha uliza yale maswali matatu na umsikilize.

Majibu yake yaandikwe kwenye faili hilohilo kwa maneno yake. Akisema tarehe fulani si kweli, kagueni daftari pamoja papo hapo. Akiwa sahihi, rekebisheni na wote wawili msaini. Haki ya kurekebisha faili ndiyo inayowafanya watu waliheshimu.

Jambo ambalo mara nyingi hujitokeza katika vikao hivi ni kwamba tatizo si la mtu. Angalia jedwali la kitengo kizima: kama wajazaji wote saba wameshuka siku zilezile, acha kutafuta mzembe. Mfano mzuri ni Juni na Julai, asubuhi kukiwa na baridi. Asali inakuwa nzito, inatoka kwenye bomba la tangi polepole, na chupa za saa mbili za kwanza zinakuwa chache kwa kila mtu. Dawa ni kulipasha tangi joto la taratibu lisilozidi nyuzi 40, au kuanza siku kwa kubandika lebo na kujaza baadaye. Vivyo hivyo dereva anayechelewa Novemba hadi Aprili: linganisha na mvua na njia aliyopita kabla hujamwandikia barua. Iombe mashine kazi hii moja kwa moja: "Tafuta siku ambazo zaidi ya nusu ya kitengo walishuka pamoja, na utaje kilichoandikwa kwenye vizuizi." Kwa maoni yetu, swali hili peke yake lina faida kuliko tathmini zote za mtu mmojammoja.

Hatua ya 8: Anayeshindwa kweli

Ikithibitika kwamba mtu anajua kiwango, ana vifaa, wenzake wa kazi ileile wanakifikia, naye hafikii, tengeneza mpango wa kumwinua. Uwe na jambo moja au mawili, kwa mfano: chupa zinazorudishwa kwa uzito pungufu zishuke kutoka 6 hadi 2 kwa kila 100. Taja nani atamfundisha, kwa wiki ngapi, na tarehe za kukagua katikati. Wiki 4 hadi 8 zinafaa kwa kazi za mikono. Mauzo yanahitaji muda zaidi. Akili mnemba iandike rasimu ya mpango huo na ratiba ya mafunzo, wewe uirekebishe.

Kanuni za 2007 zinataka mwajiri achunguze sababu, atoe maelekezo au mafunzo, na atoe muda wa kutosha kabla ya kufikiria kuachisha. Kabla ya uamuzi, kiitishwe kikao ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, na huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki. Ukiulizwa "uliamuaje?", jibu la "programu ilisema" litakuangusha. Daftari lenye tarehe, kiwango kilichosainiwa, kumbukumbu za vikao na saini za mtu mwenyewe ndivyo vitakavyokusimamisha. Barua ya kuachisha kazi iandikwe na binadamu, na ipitiwe na afisa kazi au mwanasheria.

Vitu vya kuviacha kabisa

Kamera zinazodai kusoma hisia usoni usizinunue hata ukipewa bei ya kutupa. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku makazini kuanzia Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na sheria yao ya 2024 inaziweka programu za kutathmini wafanyakazi kwenye kundi la hatari kubwa. Sheria hiyo haitufungi Tabora, ila sababu zake zinatuhusu vilevile: uso wa mtu aliyefiwa na uso wa mtu mvivu vinaweza kufanana.

Usipandishe mazungumzo ya kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili mashine ikuambie nani analalamika. Ukifanya hivyo, watu watahamia kundi lingine usilolijua, nawe utakosa hata zile taarifa za kweli za "mashine imekwama". Usimfuatilie dereva kwa GPS baada ya saa za kazi. Na usifunge malipo ya ziada kwenye namba moja tu: ukilipa kwa idadi ya chupa peke yake, utapata chupa nyingi zinazovuja zikisafiri kwa treni kwenda Mwanza na Kigoma.

Ratiba na utunzaji

Kila siku karani aingize daftari, dakika 15. Kila Ijumaa msimamizi akague mistari 10 aliyoichagua bila mpangilio, ailinganishe na kilichopo ghalani. Mwisho wa mwezi: hesabu za Excel, faili la kitengo, na faili za watu wachache wanaohitaji kuangaliwa. Kila baada ya miezi 3, kikao na kila mtu, hata anayefanya vizuri, maana naye anahitaji kuambiwa. Usisubiri mwisho wa mwaka.

Miezi miwili ya kwanza isitumike kumwamulia mtu jambo lolote. Ni ya kurekebisha daftari, na makosa mengi ya lita, saa na tarehe hujitokeza humo.

Mazungumzo kwenye programu yafutwe baada ya faili kuchapishwa na kusainiwa. Nakala za karatasi zikae kwenye kabati lenye ufunguo, faili la Excel liwe na nakala kwenye flashi inayotunzwa nje ya ofisi. Aliyeacha kazi, taarifa zake zitoke kwenye jedwali linalotumika na zihifadhiwe kwa muda ambao sheria au mgogoro unaweza kuzihitaji, kisha ziharibiwe. Na karani mwenye nywila ya akaunti akiondoka, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, kabla hajakabidhi funguo za ghala.